Betri ya gari ikifa, ipime kwanza kabla ya kununua nyingine

Mwanzisha uzi (Tabata, Dar es Salaam)

Wakuu, salamu kwenu. Ndani ya miezi 8 nilinunua betri mbili za gari langu, Toyota IST, na sasa najua kwamba kama mtu yeyote angeweka mita ya kupimia volti kwenye gari lile siku ya kwanza, nisingenunua hata moja kwa wakati ule. Naandika kwa kirefu kwa sababu naona kila wiki watu wanaambiwa "betri imekufa" na mtu aliyefungua boneti na kutazama tu, na betri haipimwi kwa macho.

Gari langu lilikuwa na tabia moja ambayo ilipaswa kunifumbua macho mapema. Siku za kazi nilikwenda nalo Posta na kurudi, nalo liliwaka bila shida. Ijumaa saa 12 jioni niliegesha, na Jumatatu saa 11 alfajiri nilipowasha, taa za dashibodi zilififia na stata ikagonga tiki tiki tiki bila kuzungusha injini. Jirani alinibusti (aliniwashia kwa umeme wa betri yake kupitia nyaya), nikaenda kazini, na wiki nzima gari likawa zima tena. Baada ya Jumatatu mbili za namna hiyo fundi wa mtaani akasema betri imechoka. Nikanunua mpya. Betri hiyo mpya ilidumu miezi 7 ya kubustiwa mara kwa mara, kisha ikafa kweli. Nikanunua nyingine, na Jumatatu ya tatu gari halikuwaka. Hapo ndipo jirani yangu mwingine, ambaye ni fundi wa friji, aliponiazima mita yake na kuniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: betri ilikuwa na volti ngapi kabla hujaitoa?

Kipimo cha kwanza ni cha betri ikiwa imepumzika. Betri ya kawaida ya gari ina seli 6, na kila seli iliyojaa hutoa takriban volti 2.1, kwa hiyo betri nzima iliyojaa husoma kati ya volti 12.6 na 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki na kama robo tatu ya chaji, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya hapo ihesabu kuwa tupu. Gari likiwa limetoka kuzimwa sasa hivi kipimo hiki hudanganya, kwa sababu sahani za betri hubaki na chaji ya juu juu iliyotoka kwenye alteneta, ile mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka. Acha gari lilale usiku kucha, au washa taa kubwa dakika 2, zima, subiri kidogo, ndipo upime. Mita ikionyesha takriban 10.5 hata baada ya kuchaji saa nyingi, kwa kawaida seli moja imekufa, maana zimekosekana zile volti 2 za seli moja, na hapo hakuna tiba isipokuwa kubadilisha.

Betri yangu mpya Jumatatu ile ilisoma 11.7. Hiyo haikuwa na maana kwamba ni mbovu. Ilikuwa na maana kwamba ni tupu, na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo iliyonigharimu fedha.

Kipimo cha pili ni wakati wa kupiga stata. Mwenzako azungushe ufunguo huku wewe ukitazama mita kwenye vichwa vya betri. Betri nzima iliyojaa hushuka lakini haipaswi kwenda chini ya takriban volti 9.6 katika hali ya hewa ya kawaida. Ikiwa ilisoma 12.6 ikiwa imepumzika na sasa inaporomoka hadi 7 au 8, betri haina nguvu tena hata kama inaonekana imejaa.

Cha tatu ni injini ikiwa inaunguruma. Magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.5. Ukiona 12.3 inayozidi kushuka, alteneta haichaji, au mkanda wake umelegea, au kabonbrashi (vipande vya kaboni vya ndani yake) zimekwisha, na betri mpya utakayofunga itakufikisha safari chache tu. Ukiona zaidi ya 15, regyuleta (kidhibiti cha volti za alteneta) imeharibika na betri inachemshwa; maji yake yatakauka na utasikia harufu kama ya yai bovu. Kuna magari ya miaka ya karibuni ambayo kompyuta huiamuru alteneta ipunguze chaji ili kuokoa mafuta, kwa hiyo usiihukumu kwa kusoma mara moja. Washa taa kubwa na feni, kisha tazama kama volti zinapanda.

Gari langu lilisoma 14.2. Alteneta nzima, betri mpya, na bado Jumatatu halikuwaka. Kilichobaki ni umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Tulihamisha waya mwekundu wa mita kwenda kwenye tundu la ampea 10, tukafungua terminali ya hasi (kile kibano cha waya kinachoshika kichwa cha betri), tukaiweka mita katikati ya kichwa cha betri na terminali hiyo ili umeme wote upite ndani yake. Kitasa cha mlango tulikibana kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa. Kisha tukasubiri nusu saa, kwa sababu kompyuta za gari hazilali papo hapo. (Mita ikiwa imekaa hivyo usiguse ufunguo kabisa, stata huvuta ampea nyingi mno na fyuzi ya mita itaungua.) Gari lililolala vizuri huvuta miliampea 50 au pungufu, yaani ampea 0.05. Langu lilivuta 0.64.

Fanyeni hesabu nami. Kuanzia Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 11 alfajiri ni saa 59. Zidisha kwa 0.64, unapata karibu ampea-saa 38, na betri yangu ni ya ampea-saa 45. Usiku mmoja wa katikati ya wiki ulinyonya kama 7 tu, ndiyo maana gari liliwaka. Tukachomoa fyuzi moja moja, na tulipofika kwenye fyuzi ya redio mita ikashuka hadi 0.03.

Wengi mtaikuta hadithi hii kwenye magari yenu. Redio za magari ya Japani hazifiki masafa yetu yote, kwa sababu FM ya kule ilipangwa kuanzia 76 hadi 90 na stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Gari likifika, mtu hufunga redio nyingine yenye skrini kubwa. Aliyenifungia mimi aliunganisha waya wa umeme wa kudumu pamoja na waya unaopaswa kupata umeme pale ufunguo unapowashwa tu, akavifanya kitu kimoja. Nilikuwa nazima skrini kwa kitufe nikidhani redio imezimika, kumbe ndani ilikuwa macho usiku na mchana. Kazi ya kutenganisha nyaya hizo ilichukua dakika 20. Betri ile niliipeleka ikachajiwe polepole kwa ampea 4 usiku kucha, ikarudi na volti 12.66, na ndiyo ninayotembelea hadi leo, mwaka wa tatu. Ile ya kabla yake haikuokoka, kwa sababu betri ikikaa tupu siku nyingi sahani zake hufunikwa na fuwele ngumu za salfeti ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi tena.

Fundi umeme wa magari (Gerezani)

Mkuu, umeeleza vizuri na sina la kupinga, ila kuna jambo moja nisipolisema nitakuwa nimewanyima wenzangu. Wapo mafundi wanaopima alteneta kwa kufungua terminali ya betri injini ikiwa inaunguruma, na gari lisipozima wanasema alteneta ni nzima. Nawaombeni, mtu akitaka kufanya hivyo kwenye gari lenu mzuieni. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa gari. Ukiiondoa ghafla wakati alteneta inazalisha kwa nguvu, volti zinaweza kuruka hadi makumi, na kinachopokea ni kompyuta ya injini, diodi za alteneta yenyewe, redio na taa. Mbinu hiyo ilikuwa na nafuu enzi za magari ya dainamo na kabureta. Nimepokea magari yaliyoingia gereji yakiwa na tatizo la betri, yakatoka na tatizo la kompyuta.

Pili, kabla ya kuhukumu betri, tazama vichwa vyake. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota pale si uchafu wa kupuuza, unazuia umeme. Mimina maji ya moto yaliyochanganywa na magadi, sugua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, angalia mchanganyiko usiingie kwenye seli, kausha, funga kwa nguvu ya kutosha, ndipo upake mafuta ya mgando juu yake. Ukipaka kabla ya kufunga unaweka ukuta mahali unapotaka njia. Terminali ikizunguka ukiishika kwa mkono, basi gari lako halina kosa na betri haina kosa.

Dereva wa Noah (Njombe)

Shikamooni wakubwa, na hongera kwa mada. Naomba msaada wenu kwa sababu niko katikati ya jambo hili. Nina Toyota Noah ya otomatiki. Asubuhi za baridi, hasa mwezi huu wa saba, stata inazunguka kwa uvivu sana, na siku nyingine inakataa kabisa hadi jua litoke. Kwa kuwa ni otomatiki siwezi hata kuisukuma. Betri ina miezi 8. Nimeshauriwa ninunue kubwa zaidi, nami nilikuwa nimekwisha kutenga fedha. Baada ya kusoma uzi huu nimepima leo alfajiri: ikiwa imepumzika 12.6, na nikipiga stata mita inashuka hadi 11.3 tu, huku stata ikijivuta. Injini ikiwaka inasoma 14.1. Sielewi, kwa maana kwa vipimo vya mwanzisha uzi betri yangu ni nzima.

Fundi umeme wa magari (Gerezani)

Dada, usitoe fedha yako bado. Kipimo chako cha 11.3 kimesema jambo kubwa. Stata ikifanya kazi yake sawasawa huvuta ampea mia moja na zaidi, na betri yoyote ya ukubwa huo hushuka hadi kwenye 10 na kitu. Ya kwako inabaki juu kwa sababu haitoi umeme wa kutosha, na haitoi kwa sababu njiani kuna kizuizi. Baridi haijaleta ugonjwa, imeuonyesha tu: oili ya injini inakuwa nzito, stata inadai umeme mwingi zaidi, na pale penye kizuizi panapotea volti nyingi zaidi.

Fanya hivi. Weka mita kwenye volti. Ncha moja iguse kichwa chenyewe cha hasi cha betri, si terminali, na ncha nyingine iguse chuma kitupu cha injini, kisha mwenzako apige stata. Njia ikiwa safi utasoma kama 0.2 au pungufu. Halafu rudia upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi kwenye boliti nene ya stata. Popote panapozidi nusu volti, kizuizi kiko hapo. Mimi nadhani ni waya wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini, lakini nadhani tu. Mita ndiyo itakayokuambia.

Mchangiaji wa Mombasa

Ndugu zangu wa huko Bara, mmezungumza vyema kuhusu kupima, lakini betri ikithibitika kuwa mbovu kweli, watu huumia tena dukani. Magari yetu mengi yanatoka Japani, na betri zake zina maandishi kama 46B24L. Namba ya kwanza ni kiwango cha nguvu, herufi B ni upana na kimo cha kasha, 24 ni urefu kwa sentimita, na L inaonyesha upande wa vichwa: ukisimama upande ambao vichwa viko karibu nawe, chanya kiko kulia. R ni kinyume chake. Hiyo ya B24L ndiyo wauzaji wanayoiita NS60L. Ukichukua ya R ukaweka kwenye gari la L, nyaya hazitafika, na akitokea mtu wa kuzilazimisha kwa kugeuza, fyuzi kubwa itaungua au diodi za alteneta zitakwenda.

Angalieni pia unene wa vichwa. Kuna vichwa vyembamba na vinene katika kasha la ukubwa uleule, na ile yenye S mwishoni, kama 46B24LS, ni ya vichwa vinene. Nimeona magari ambayo terminali zake zimekazwa kwa kipande cha bati au msumari kwa sababu vichwa ni vyembamba. Huko ndiko inakozaliwa ile terminali inayozunguka mkononi iliyotajwa na fundi.

Kama betri inauzwa kavu na kujazwa asidi mbele yako, usikubali ifungwe papo hapo. Sahani zinahitaji muda wa kunywa asidi, angalau nusu saa, kisha ipate chaji. Na baada ya hapo, ikipungua, huongezwa maji yaliyotoneshwa (distilled water) peke yake; asidi haiongezwi tena, kwa kuwa kinachopotea kwa joto ni maji.

Betri ya zamani irudisheni dukani, msimwage maji yake mtaroni wala kumpa mtu wa kuyeyusha risasi (madini ya sahani zake) uani. Sisi wa Mombasa tunalisema hili kwa uchungu. Katika mtaa wetu wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu sumu ya risasi, watoto kwa wakubwa, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Risasi ile ilitoka kwenye betri kama hizi zetu.

Mmiliki wa Prius (Arusha)

Naongeza jambo moja kwa wenye haibridi, yaani magari ya mafuta na umeme. Betri ndogo ya volti 12 kwenye Prius nyingi iko nyuma kwenye buti na ina mpira wa kutolea gesi nje ya gari. Betri ya kawaida isiyo na tundu la mpira huo isiwekwe humo ndani mnamokaa watu. Kazi yake ni kuamsha kompyuta, haizungushi injini, kwa hiyo hata ikidhoofika hamtasikia stata ikijivuta. Mtaona tu taa za ajabu ajabu kwenye dashibodi na gari kukataa kuingia hali ya "tayari" (READY). Wapo waliouziwa betri kubwa ya haibridi kwa ugonjwa wa hii ndogo. Vilevile magari yanayojizima kwenye taa za barabarani, yenye betri za alama kama Q-85 au N-55, yanataka betri za aina hiyohiyo. Ya kawaida huchoka upesi kwa kuwashwa mara nyingi.

Mwanzisha uzi (Tabata, Dar es Salaam)

Nawashukuru nyote. Nimeulizwa faraghani utaratibu wa kubadilisha, nami naueleza kama ninavyoufanya. Zima kila kitu, toa ufunguo, chukua spana namba 10. Anza kufungua hasi, kisha chanya. Sababu ni kwamba bodi yote ya gari imeungana na hasi: ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeunganisha betri kwa chuma kitupu, cheche zitaruka na spana inaweza kukuunguza vibaya. Ukiwa umekwisha kuondoa hasi, spana ikigusa bodi hakuna kitakachotokea. Wakati wa kufunga anza na chanya, malizia na hasi. Rudishia na kishikio cha betri, kwa sababu barabara zetu za vumbi na matuta huitikisa betri isiyobanwa hadi sahani zake zinamomonyoka. Baada ya hapo saa itarudi mwanzo, kioo cha kujipandisha kinaweza kusahau, na sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inaweza kupanda na kushuka dakika chache hadi kompyuta ijifunze upya. Msishtuke.

Katika kubusti, waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri tupu, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho iende kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri yake. Betri hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ya mwisho ndiyo inayoweza kuilipua. Nimeona watu wakiinamisha uso juu ya betri wakati wa kuunganisha. Tafadhalini sana, tusimame pembeni.

Dereva wa Noah (Njombe)

Nimerudi na majibu, fundi. Upande wa chanya nilisoma 0.15. Upande wa hasi, kutoka kichwa cha betri hadi injini, mita ilisoma 1.9. Tuliufuata waya wa ethi hadi unapofungwa kwenye injini. Boliti ilikuwa imelegea na chini yake kuna kutu na rangi. Kijana wa gereji ameifungua, ameisugua kwa msasa hadi ikang'aa, ameikaza. Sasa nasoma 0.1. Leo alfajiri kulikuwa na baridi kali, nikapiga stata, injini ikazunguka kwa kasi na kuwaka mara moja. Mita kwenye betri ilishuka hadi 10.4, chini kuliko ile 11.3 ya mwanzo, na nisingesoma uzi huu ningeogopa nikadhani betri imeharibika. Fedha ya betri bado ninayo.